Kamwene Dukani kwa Bashiri

Kila ninapowasha chumba cha baridi kilichokaa muda mrefu bila kutumika, pumzi yake ya kwanza hutoka na harufu ya vumbi lililolowa. Vijana ninaofanya nao kazi hupiga chafya na kusogea mlangoni. Mimi hubaki palepale na kuivuta mpaka iishe. Kazi yangu ndiyo hiyo, kufunga na kutengeneza vyumba vya baridi vya kuhifadhia parachichi, kuanzia hapa Uyole hadi Iringa, na sioni haya kusema kwamba naijua. Watu hunitania kwamba nimekuja kuuza baridi Mbeya, mahali ambapo mwezi wa saba hata mbwa hulala jikoni. Huwajibu kwamba baridi ya Mungu haina swichi.

Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu tulipoishi Ghuba. Msidhani nasema ile miji mikubwa mnayoiona kwenye simu, yenye maghorofa ya vioo yanayotoboa mawingu. Wetu ulikuwa mji mdogo wa viwanda kando ya bahari, ambao hata mtu wa nchi ileile angekuuliza uko upande gani. Ulikuwa na mabomba marefu kuliko barabara, minara inayowaka moto juu kama mishumaa, na maghorofa ya wafanyakazi yaliyopakwa rangi moja ya mchanga, yote yamefanana hivi kwamba wiki ya kwanza nilijaribu kufungua mlango wa watu wengine mpaka mwenyewe akatoka.

Baba alikuwa ametangulia. Yeye ni Mnyakyusa, na kabla ya hapo alikuwa fundi wa injini za malori hapa hapa Uyole, mtu wa kulala chini ya gari na kuijua hitilafu kwa kusikiliza tu. Akapata kazi katika kiwanda cha kuyeyusha aluminiamu huko Ghuba, akaondoka nikiwa mdogo sana. Kwa hiyo mimi Baba nilimjua kama sauti. Alikuwa sauti ya Ijumaa kwenye simu, yenye mwangwi, inayouliza nimekuwa wa ngapi darasani. Halafu mara moja kwa mwaka sauti ile ilipata mwili, ikaja na masanduku, ikakaa mwezi mmoja, na nilipoanza kuizoea ikapanda gari kurudi. Nilipokuwa darasa la nne alipandishwa cheo na kuruhusiwa kuleta familia. Nilifurahi kupita kiasi. Niliwaambia wasichana wote wa darasani kwamba sasa na mimi nina baba wa kila siku.

Mama yangu ni Mhehe wa Kilolo, aliyeolewa Uyole na kuuza viazi sokoni. Lazima niwaeleze jambo moja kuhusu yeye, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Mama anasalimia. Najua mtasema kila mtu anasalimia, lakini Mama anasalimia kama wengine wanavyofanya kazi ya kanisa. Pale sokoni aliwasalimia Wasafwa kwa Kisafwa, Wanyakyusa kwa Kinyakyusa, Wasangu wa Rujewa waliokuja na mchele kwa Kisangu, na madereva wa malori kwa Kiswahili kinachofuatwa na maswali ya familia. Salamu ya Mama haikuisha haraka. Ukishaitika, anakuuliza watoto, halafu kuku, halafu ng'ombe, halafu shamba, na kama uliugua mwaka jana atakuuliza huo mguu ulipona. Kwenda naye dukani kununua chumvi kulichukua asubuhi nzima. Kwa Mama, mtu anayekupita bila kukusalimia ana ugomvi na wewe, na kama hukumbuki ugomvi huo basi wewe ndiye mwenye makosa.

Sasa mchukueni mtu huyo mkamtie kwenye lifti.

Tulifika tukiwa na masweta. Baba alikuwa ametuonya kwamba huko ni joto, lakini Mama alisema hajawahi kuona safari isiyo na sweta, akafungasha manne. Mlango wa ndege ulipofunguliwa, hewa ilitupiga usoni kama mtu amefungua tanuri la mikate, na Baba alipotupokea alicheka mpaka akajifuta machozi. Alicheka mapema. Ndani ya nyumba kiyoyozi kiliunguruma mchana kutwa, na kilitoa baridi ya Uyole ya mwezi wa saba, ile inayoingia mpaka kwenye mifupa. Mama akavaa sweta lake la kijani na hakulivua. Tukawa watu wa ajabu, sisi, watu wa kutoka nje ili tukaote joto.

Na vitu vya kutustaajabisha vilikuwepo, siwezi kuusengenya mji ule. Takataka zilichukuliwa kila asubuhi na gari lililokuja kimya. Basi la kampuni lilitupeleka shule na kuturudisha bila nauli. Zahanati ilikuwa na viti laini, na daktari alikuangalia kabla hujachoka kukaa. Kulikuwa na bustani ya majani mabichi ufukweni, kila jani limenyweshwa kwa kimpira chake cha maji, na bembea ambazo hazikuwa zimekatika. Umeme haukukatika hata mara moja, na mimi kwa mazoea ya nyumbani niliendelea kuweka mshumaa na kiberiti karibu na kitanda.

Maji ndiyo yaliyomshinda Mama kuyaelewa. Yalitoka baharini, yakatolewa chumvi kiwandani, yakapandishwa kwenye matangi juu ya paa. Asubuhi ya kwanza aliamka mapema, akabandika sufuria kubwa jikoni achemshe maji ya Baba ya kuoga, kama alivyofanya maisha yake yote. Baba akamwita bafuni na kufungua bomba lenye alama ya buluu, la maji baridi. Likatoa maji ya moto. Jua lilikuwa limeyachemsha huko juu toka jana. Mama aliweka mkono chini ya bomba, akautoa, akauweka tena, akasema, "Kumbe huku jua linatumwa kazi za nyumbani." Ilibidi tuzime hita, ndipo bomba lenye alama nyekundu, yaani la maji ya moto, litupe maji ya vuguvugu yaliyokuwa yametulia ndani ya nyumba. Tukaishi hivyo, moto ukiwa baridi na baridi ikiwa moto, na tukazoea.

Lakini watu hawakuzoeleka. Baba alifanya kazi kwa zamu, akirudi alikuwa amechoka na kulala mchana mapazia yakiwa yamefungwa. Mimi nilikwenda shule. Mama alibaki na kiyoyozi. Akitoka kwenye ngazi aliwasalimia majirani, Wahindi, Wafilipino, Wamisri, na kila mmoja alitabasamu kidogo na kuangalia viatu vyake. Kwenye lifti ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu pale mtu hana pa kwenda. Mama aliwasalimia kwa Kiswahili, wakanyamaza. Akajaribu Kinyakyusa cha Baba, wakanyamaza. Mwishowe akaamua kwamba, kwa kuwa hawaelewi chochote, basi atawasalimia kwa lugha anayoipenda mwenyewe. Tangu siku hiyo kila aliyeingia kwenye lifti ile alipewa "kamwene" ya Kihehe, kwa sauti ya mtu anayesalimia ng'ambo ya bonde. Wakanyamaza kwa Kihehe pia.

"Nimewakosea nini watu hawa?" alimwuliza Baba.

"Hujawakosea, Mama Atu. Ndivyo walivyo. Kila mtu na shughuli zake."

"Kila kitu kipo hapa, Baba Atu, sikatai. Ila mimi naona kama nimekufa na sijaambiwa."

Jina langu ni Atupele, wao huniita Atu. Nilikuwa nimekaa mezani nikijifanya nasoma. Nikamsikia Mama akiendelea, kwa sauti ya chini, kwamba atavumilia mpaka mwisho wa mwaka wa shule. Akishindwa, yeye na mimi tutarudi Uyole, Baba atabaki amalize mkataba wake peke yake. Baba alitakiwa kutoa jibu kazini kabla ya likizo kubwa, familia inabaki au inaondoka. Nikaelewa vizuri sana. Baba wangu wa kila siku alikuwa hatarini kurudi kuwa sauti ya Ijumaa.

Ndipo Mama alipompata Bashiri.

Bashiri alikuwa mtu wa Bangladeshi, mwembamba, mwenye ndevu zilizopakwa hina, na alikuwa na duka dogo chini ya ghorofa letu. Ndipo tulipobadilisha madumu ya maji ya kunywa, kwa hiyo tulikwenda karibu kila siku. Kiarabu chake kilikuwa cha kuokoteza, kama cha wageni wote wa mji ule, maneno mawili matatu na mikono. Siku ya kwanza Mama aliingia, akasimama mbele ya meza, akasema, "Kamwene."

Bashiri akainua kichwa. "Esh?" akauliza.

Mama akanigeukia, uso umemfunguka kama mtu aliyetua mzigo. "Umesikia? Ameitika."

Halafu Bashiri akaonyesha trei ya mayai kwa kidole, akimtazama Mama kwa kuuliza. Mama akamjibu kwa Kiswahili, polepole ili aelewe, kwamba kuku hawajambo, tumemwachia mama mkwe. Bashiri akaonyesha maziwa. Mama akasema ng'ombe ni wa mjomba, wapo Kilolo, nao hawajambo. Akaonyesha mfuko wa mchele, na Mama akakiri kwamba sisi si watu wa mpunga, hao ni wa Rujewa, sisi ni wa viazi. Bashiri, ambaye sasa alikuwa anatoka jasho, akainua vidole viwili, halafu kimoja, kumwuliza anataka kiasi gani. Mama akaniweka mbele yake kwa mabega. "Mmoja tu," akasema na kuinua kidole. "Ni huyu."

Tukaondoka na trei moja ya mayai.

Mama alirudi nyumbani anaimba. Alimwamsha Baba kumwambia kwamba chini kuna mtu mwenye adabu, aliyelelewa, mtu wa kukuuliza habari za kuku wako kabla ya biashara. Baba alifungua jicho moja, akasema ndaga, ambayo ni asante ya kwao, akalala tena. Tangu siku hiyo Mama alikuwa na mahali pa kwenda. Alivaa kitenge kizuri kwenda kubadilisha dumu la maji. "Kamwene," na Bashiri akainua kichwa, na mazungumzo yakaanza. Mayai hayakukauka nyumbani kwetu. Tulikula mayai na ugali wa unga wa ngano wa chengachenga, tulikula mayai na mchicha, nikapelekewa mayai shuleni hadi wenzangu wakaniita jina la kuku kwa lugha zao.

Mimi ndiye niliyegundua mambo yalivyo. Shuleni tulifundishwa Kiarabu, na kile cha mtaani nilikiokota kwenye basi la kampuni, maana mtoto haokoti kitu kwa haraka kama lugha ya kwenye basi. Nikajua kwamba "kam" ni kuuliza ngapi, au kiasi gani. Nikajua kwamba "wen" ni wapi. Siku moja tuko dukani, Mama akasema salamu yake, na kwa mara ya kwanza niliisikia kwa masikio ya Bashiri. Mama alikuwa anaingia pale kila siku, amependeza, anasimama wima na kumwuliza, "Bei gani? Kiko wapi?" Na yule maskini alikuwa anamjibu, "Nini?" Kisha anazunguka kuonyesha bidhaa moja moja akitafuta kujua mama huyu anataka nini hasa.

Nilitaka kucheka mpaka tumbo likauma. Halafu nikamwangalia Mama akieleza habari za mvua za Kilolo, ameegemea meza ile kama ameegemea uzio wa jirani yake, na kicheko kikaniishia. Nikakata shauri kunyamaza. Kila Mama aliposhuka nilishuka naye. Nilisimama katikati yao na kuelekeza kidole kwenye kitu tulichokihitaji kweli kabla Bashiri hajachoka, na Mama alipotazama pembeni nilimpa yule mzee tabasamu kubwa la kumwomba aendelee. Nilikuwa na umri wa kucheza bembea, nami nililinda duka lile kama mlinzi wa benki. Nilijisifu moyoni, na bado najisifu.

Aliyelivunja jambo lile hakuwa na nia mbaya. Ni Bi Salma, mwanamke wa Unguja ambaye mumewe aliendesha mitambo bandarini. Tulimkuta dukani kwa Bashiri wiki chache kabla ya kufunga shule. Mama alipomsikia akizungumza Kiswahili kwenye simu nusura amkumbatie. Wakaulizana makwao, Bi Salma akasema mji huu mkavu, watu hawajuliani hali.

"Isipokuwa huyu," Mama akasema kwa fahari, akimwonyesha Bashiri. "Huyu nikimsalimia anaitika. Tena kwa urefu."

"Wamuamkia vipi?"

"Kwa kikwetu tu. Sikiliza." Mama akajiweka sawa. "Kamwene."

Bashiri, mtiifu kama kawaida, akaonyesha mayai.

Nilimwona Bi Salma akielewa. Niliona kicheko kikipanda, naye akajitahidi kukizuia kwa ukingo wa mtandio wake, kikamshinda. "Mama wee," akasema, "yule hakuitikii. Wamuuliza bei ngapi na kiko wapi, naye akuuliza wataka nini. Yupo kwenye biashara yake huyo." Akamshika Mama mkono, maana alikuwa mtu mwema, akaongeza kwamba hata yeye alipofika alifanya makosa mengi.

Mama alitazama yale mayai. Nadhani aliwaona kuku wake wote wakigeuka kuwa bidhaa, mmoja mmoja, na ng'ombe wa mjomba nao, na ule mpunga wa Rujewa. Kisha akamshukuru Bi Salma kwa heshima zote, akanyanyua dumu lake la maji, tukapanda. Kwenye lifti kulikuwa na bibi mmoja wa Kihindi na Mama hakumsalimia. Yule bibi alimtazama Mama, akatazama viatu vyake, akamtazama tena.

Baba aliporudi alikuta sanduku limeshushwa kutoka juu ya kabati na masweta matatu yamekunjwa ndani yake. La nne Mama alikuwa amelivaa.

"Mtoto akifunga shule tunarudi, Baba Atu," Mama akasema. "Nimejaribu. Kwa kweli nimejaribu."

Nilisubiri Baba abishe. Nilitaka apige meza, aseme mimi ndiye baba wa nyumba hii. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango na kuanza kufungua kamba za buti zake za kazi, taratibu sana, kama mtu anayetaka kazi hiyo isiishe. Alipomaliza buti ya pili alisema, "Haya." Hiyo tu. Nilikwenda kwenye kibaraza nikatazama minara ikiwaka, na nilimchukia Bi Salma, na Kiarabu, na mayai yote ya dunia.

Siku zilizofuata Mama hakushuka. Maji Baba aliyanunua supamaketi akitoka kazini. Nyumba ikawa na sauti ya kiyoyozi peke yake. Mama alipika, akafagia, akakaa, na nilipotoka shule aliniuliza masomo kama mtu anayesoma tangazo. Nilijaribu kumchekesha nikashindwa.

Halafu ukaja upepo wa mchanga. Mbingu iligeuka rangi ya chai ya maziwa, kiwandani wakamwambia Baba abaki kwa zamu ya pili kwa kuwa wenzake hawakuweza kufika, na maji ya kunywa yakaisha. Mama alizunguka jikoni mara kadhaa, akatikisa dumu lililo tupu. Akajifunga mtandio puani. Tukiwa mlangoni akaniambia, "Tunachukua maji, tunarudi. Leo simsalimii mtu."

Duka lilikuwa tupu. Bashiri alikuwa nyuma ya meza akifuta vumbi kwenye makopo, na mchanga uliingia kila aliposahau kusukuma mlango. Mama aliweka dumu tupu mezani, akasimama akitazama ukutani. Mdomo aliufunga kabisa. Mimi niliyemzoea niliona jinsi salamu ile ilivyokuwa ikimsumbua ndani, kama kikohozi cha kanisani.

Bashiri hakuchukua dumu. Aliweka kitambaa chini. Mikono yake ilitulia mezani, haikuonyesha yai wala mchele wala kitu chochote, na macho alimkazia Mama usoni.

"Kam," akasema. Akangoja. "Wen?"

Nilisikia kiyoyozi cha duka, nikasikia mchanga ukigonga kioo.

Mama aligeuza kichwa taratibu. Akapiga goti kidogo, lile goti la heshima ambalo sikuwahi kumwona akimpigia mtu tangu tuondoke Uyole.

"Kamwene," akaitika.

Basi Mama akafunguka. Alimwambia kwamba alikuwepo juu, hakuumwa, ila moyo ulikuwa mzito. Akamwuliza na yeye, watoto wake je, wapo wapi, wanasoma? Mama yake yu hai? Bashiri akajibu kwa lugha ya kwao, maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema, mengine akiyasema huku akitazama meza. Hakuna aliyeelewa neno la mwenzake. Bashiri hakunyoosha kidole kwenye rafu hata mara moja. Mwishowe alibeba dumu jipya la maji begani, akatupandishia mwenyewe hadi mlangoni kwetu, duka likiwa wazi nyuma yake na mchanga ukijiingilia.

Mama alifunga mlango, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku na kutoa masweta. Akasema kiyoyozi hiki ni kikali, mtu hawezi kuishi na sweta moja. Baba alirudi asubuhi, nyusi zimejaa mchanga. Alilitazama sanduku lilivyokuwa limerudi juu ya kabati. Alikwenda bafuni, akafungua bomba, na alikaa huko muda mrefu sana. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akasema maji ya nchi hii yana dawa.

Tukakaa mpaka mkataba ulipokwisha. Bi Salma akawa shoga wa Mama, wakawa wanakwenda pamoja bustani ya ufukweni jua likishapoa, mmoja akisema kwa lafudhi ya Unguja na mwingine kwa ya Kilolo, wakirekebishana. Yule bibi wa kwenye lifti, siku aliposalimiwa tena, aliinua uso na kusema "kamwene" vizuri kabisa, kumbe muda wote alikuwa anaisikia. Mimi nikapata kile nilichokitaka. Nikamjua Baba kwa harufu ya buti zake, kwa mzaha wake mmoja anaourudia, kwa jinsi anavyokoroma. Siku kiyoyozi chetu kilipokufa alinifundisha kukifungua, akanishikisha bisibisi, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanza.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii hivi, kwamba Bashiri, kwa kuisikia kila siku, alikuwa amejifunza salamu ya Kihehe. Watu walicheka na kufurahi, nami nilifurahi nao. Mwaka huu ndio nimeielewa. Nilikuwa Ifunda, ndani ya chumba cha baridi nilichokiwasha baada ya kukaa muda bila kutumika, ile harufu ikanijia, na nikaisikia tena sauti ya Bashiri jinsi alivyoikata. Hakusema kamwene. Alisema kam, akangoja, ndipo akasema wen. Mwuzaji hamwulizi mteja bei, wala hamwulizi bidhaa iko wapi. Yule mzee alikuwa na maneno machache ya Kiarabu, na Kihehe hakuwa nacho kabisa. Alitumia aliyokuwa nayo. Alikuwa anamwuliza Mama: siku ngapi? Ulikuwa wapi?

Niliacha vifaa palepale, nikampigia simu Mama. Siku hizi wanaishi Kilolo yeye na Baba, na alikuwa uani akichambua maharage, nikisikia yakianguka kwenye ungo. Nikamweleza yote, polepole, kwa sababu niliogopa kumharibia. Nikamwambia, yule mtu hakuwa amekusalimia kwa Kihehe, Mama, hata siku ile. Alikuwa anakuuliza siku zote hizi ulikuwa wapi.

Maharage yakaacha kuanguka. Nikamsikia akicheka, kile kicheko chake cha sokoni.

"Sasa Atu," akasema, "kwani wewe ulidhani kamwene maana yake nini?"